Je, Nia Njema Yatosha?

Wahenga walisema, "Tenda wema uende zako, usingoje shukrani." Methali hii imefundishwa kwa vizazi vingi, na mafunzo yake ni mazuri. Yatuonya tusiufanye wema kuwa biashara, wala tusimdai jirani fadhila kama mchuuzi adaivyo fedha zake. Lakini wako watu walioisikia methali hii nusu, wakadhani kuwa mtenda wema akiisha kutoa hana kazi tena. Kwamba moyo wake ukiwa safi, hesabu yake imekwisha. Katika insha hii nataka tuulize kama hivyo ni kweli. Je, nia njema yatosha kuufanya wema uwe wema? Au mtoaji anawajibika pia kwa yale yatendwayo na msaada wake baada ya kutoka mikononi mwake?

Swali hili si la kupitishia wakati. Katika nchi zenye vita na ugomvi, watu wengi wamekufa kwa kukosa msaada. Na wengine wamekufa kwa sababu ya jinsi msaada ulivyoletwa. Yafaa basi tulipime swali hili kwa utulivu, maana huenda kesho likawa mikononi mwa mmoja wenu asomaye maneno haya.

Tuanze na jambo dogo ambalo kila mwanafunzi aweza kulifahamu. Mwalimu amepewa madaftari kumi awagawie watoto maskini katika darasa la watoto arobaini. Nia yake ni safi kabisa. Anaingia darasani, anasoma majina kumi kwa sauti, na kuwaambia wenye majina hayo wasimame mbele ya wenzao. Jioni ya siku ile shule imepata makundi mawili. Walioitwa wamepata daftari na aibu; wasioitwa wamepata neno la kuwacheka wenzao, na baadhi yao, ambao umaskini wao haukuonekana kwa macho, wamepata uchungu wa kusahauliwa. Kama mwalimu yule angaliwapa madaftari kimya kimya, ofisini, baada ya masomo, hakuna mtoto ambaye angalijua. Madaftari ni yale yale kumi. Moyo wa mwalimu ni ule ule. Lakini matokeo ni mbali mbali kama usiku na mchana. Twaona basi kuwa kitu kinachotolewa ni jambo moja, na namna ya kukitoa ni jambo jingine, na la pili laweza kulila la kwanza.

Sasa tutoke darasani twende katika nchi. Lori la mahindi linapoingia mahali penye njaa, halikuleta chakula tu, limeleta mali. Na mali ikiingia kati ya watu wanaogombana, hufanya mambo matatu. Kwanza, humpa nguvu yule aishikaye: mwenye ufunguo wa ghala huwa mkubwa kuliko mwenye nywele nyeupe. Pili, huwagawa watu katika waliopewa na walionyimwa; na kama mgawanyo huo wafuata mpaka wa ugomvi uliokuwapo tangu zamani, basi mpaka ule umechimbwa zaidi. Tatu, mali hiyo hunena bila ulimi. Mgeni akikodi nyumba na magari ya ukoo mmoja tu, akaajiri madereva na walinzi wa ukoo huo huo, na kunywa chai na wazee wake peke yao, amekwisha kuwaambia watu wote ni nani anayemhesabu kuwa mwenye nchi, hata kama hakutamka neno.

Fikiri juu ya kisima katika nchi kame ya kaskazini mwa Kenya. Ni nani awezaye kupinga kisima? Lakini wafugaji wa huko wana busara yao ya kale. Malisho yaliyo mbali na maji hutumiwa wakati wa mvua, kisha huachwa yapumzike. Anakuja mtu mwema, anachimba kisima kirefu katikati ya malisho yale. Mifugo sasa yaweza kukaa hapo mwaka mzima, watu wanajenga, maduka yanafunguliwa, majani yanakanyagwa mpaka yaishe. Ndipo linapozuka swali ambalo halikuwapo zamani: kisima hiki ni cha nani? Mchimbaji alijiuliza swali moja tu, kama maji yako chini ya ardhi. Hakujiuliza maswali yaliyo juu ya ardhi: nani hupita hapa, wakati gani, na kwa ruhusa ya nani. Jibu la swali lake la kwanza lilikuwa sahihi, na kwa usahihi huo huo watu wakaja kupigana.

Historia ya miaka ya karibuni imetupa mifano mikubwa zaidi. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka huko Somalia mwezi wa Januari 1991, nchi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na njaa ikafuata. Mwaka 1992 chakula kingi kililetwa kwa meli kutoka nje. Lakini gunia la mchele katika nchi isiyo na sheria ni kama fedha taslimu: laweza kuibwa, laweza kuwekwa, laweza kuuzwa mbali, na bei yake yaweza kununua risasi. Wenye bunduki walilijua jambo hilo kabla ya wenye huruma. Magari yalitekwa njiani, maghala yakavunjwa, na wenye njaa wakabaki na njaa yao huku vita vikipata chakula.

Mwaka 1994 mambo makubwa zaidi yalitokea karibu na ziwa Kivu. Kuanzia Aprili hadi Julai mwaka ule, katika mauaji ya kimbari huko Rwanda, watu wanaokadiriwa kufika 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa. Waliopanga na kutenda mauaji hayo waliposhindwa vitani, walikimbilia nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, wakiwa pamoja na umati mkubwa wa raia. Katika siku chache za mwezi wa Julai, mji wa Goma na viunga vyake vilipokea mamia ya maelfu ya watu. Kipindupindu na ugonjwa wa kuhara damu vikawaingia. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkano, vigumu kuchimba hata kaburi. Inakadiriwa kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Dunia ilitazama, ikahurumia, na misaada ikamiminika.

Lakini ndani ya kambi zile viongozi wa zamani walikuwa bado viongozi. Wao ndio waliopanga watu kwa mitaa yao ya kwao, wao ndio waliotoa hesabu ya watu, na chakula kilipita mikononi mwao. Walizidisha hesabu ili wapate ziada, wakauza ziada hiyo, na kuwatoza kodi wakimbizi wenzao. Mkimbizi aliyetaka kurudi nyumbani alitishwa, na wengine waliuawa. Askari na wanamgambo wa Interahamwe walifanya mazoezi wakijiandaa kurudi vitani. Hivyo mkono uliomlisha mtoto mwenye njaa ulimlisha pia yule aliyemshikia mtoto huyo kisu.

Hapa ndipo penye uzito wa swali letu. Ungalifanya nini, msomaji, kama ungalikuwa daktari katika kambi ile? Wako waliosema: "Hatuwezi kuwanenepesha wauaji ili waue tena. Afadhali tuondoke, na kuondoka kwetu kuwe sauti ya kuiamsha dunia." Mwishoni mwa mwaka 1994, tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi zile kwa sababu hiyo. Wako wengine waliosema: "Mtoto huyu hakuua mtu. Tukiondoka, wauaji hawatakuwa wa kwanza kufa; watakuwa wa mwisho, kwa kuwa wao ndio wenye nguvu. Tubaki tujaribu kurekebisha." Matawi mengine ya shirika hilo hilo yalibaki kwa muda kwa sababu hiyo. Ni madaktari wa kiapo kimoja, walioona mambo yale yale, wakahukumu mbali mbali.

Mimi sithubutu kusema kwamba upande mmoja ulikuwa wa watu wema na mwingine wa watu wabaya. Kambi zile zilivunjwa kwa vita mwaka 1996. Mamia ya maelfu walirudi Rwanda, na wengine walikimbilia misituni upande wa magharibi ambako wengi walikufa. Hakuna aliyeshinda katika hesabu ile. Lakini jambo moja la wazi ni hili: wote wawili, aliyeondoka na aliyebaki, walikuwa wamekwisha kuiacha ile imani ya kwamba moyo safi watosha. Walikubali kuulizwa, "Msaada wenu wafanya nini kati ya watu hawa?" Hilo ndilo swali la mtu mzima. Asiyeliuliza, hata akiwa na machozi machoni, bado ni mtoto katika kazi ya wema.

Najua kuna msomaji atakayesema: "Kama ndivyo, basi heri kutotoa. Mwenye kufunga mkono wake hana lawama." Hoja hii ni hatari zaidi kuliko kosa tunalolikimbia, maana imevaa nguo za hekima ilhali ndani yake mna uchoyo. Kutotoa si kukaa nje ya mambo. Mtu akizama, nawe una kamba, ukaiacha chini kwa kuogopa kumchubua mkono, hukuwa mwangalifu, umemwacha afe. Kunyima nako ni tendo, nalo lina matokeo yake, na matokeo hayo humwangukia mnyonge kwanza. Kwa hiyo tusiulize tu, tutoe au tusitoe? Mara nyingi yafaa tuulize: tutoe kwa namna gani?

Turudi Somalia tuone jinsi swali hilo lilivyojibiwa. Katika mwaka ule ule wa 1992, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ikishirikiana na Hilali Nyekundu ya Somalia, ilifungua majiko ya umma mahali pengi. Badala ya kugawa nafaka kwa magunia, walipika na kupakua. Kabla mwaka haujaisha, majiko hayo yalipita 900, na watu zaidi ya milioni moja walikula humo. Tazama busara iliyomo. Uji uliopikwa hauwekwi ghalani mwezi mzima. Hausafirishwi kwenda kuuzwa mji wa mbali. Mwenye bunduki hawezi kuulimbikiza. Tena mwenye shibe haoni fahari kupanga mlolongo juani kwa ajili ya bakuli moja, lakini mwenye njaa atakuja. Chakula chenyewe kikawachagua wahitaji wake. Nafaka ilikuwa nafaka. Namna ndiyo iliyobadilika. Wala sisemi kwamba njia hiyo haikuwa na doa: hata kamati ile ililazimika kukodi walinzi wenye silaha, jambo lisilokuwa desturi yake. Lakini watu wengi waliishi kwa sababu mtu fulani alikaa akafikiri juu ya tofauti iliyopo kati ya gunia na sufuria.

Mawazo ya namna hii yalikusanywa na Mary B. Anderson, mwanauchumi wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 baada ya yeye na wenzake kuchunguza kazi za misaada katika nchi nyingi zenye vita. Msingi wa mafundisho yake ni agizo la kale la waganga: kwanza, usidhuru. Anasema kwamba katika kila mahali penye ugomvi kuna mambo yanayowatenga watu, na kuna mambo yanayowaunga, hata vita vikiwa vikali namna gani. Watu wanaochukiana huenda bado wakatumia soko moja, barabara moja, hospitali moja, lugha moja, au wakawa na wakwe upande wa pili. Msaada ukiingia hauwezi kupita katikati bila kugusa. Ama utayakuza yanayotenga, ama utayatia nguvu yanayounga. Kwa hiyo ampasa mletaji wa msaada ajifunze kwanza mambo hayo mawili, kama mshonaji anavyoigeuza nguo kuutafuta mshono kabla hajatia mkasi.

Mfano bora wa mambo yanayounga hauko mbali. Uko Wajir, katika nchi yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukame uliua mifugo mingi huko, na koo zikaingia katika mapigano yaliyoua watu wengi. Ugomvi ukafika hata sokoni: wanawake wa ukoo mmoja hawakutaka kununua wala kuuza kwa wanawake wa ukoo mwingine. Mwaka 1993 wanawake wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuwa mwalimu wa shule, walianza kukutana. Hawakuanza na mkutano mkubwa wala hotuba. Walianza na soko. Waliwaendea wauzaji na wanunuzi, wakakubaliana kwamba soko liwe mahali salama kwa kila mwanamke wa kila ukoo, na wakaweka kamati ya kuangalia mambo kila siku na kuamua palipotokea matata. Kutoka soko walikwenda kwa wazee. Kwa wazee wakapata Azimio la Al-Fatah la mwaka 1993, lililoweka kanuni za kurudisha amani. Vijana wakaingizwa, na serikali pia. Mwaka 1995 kazi hiyo ikawekwa katika kamati moja ya amani na maendeleo ya wilaya. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki mwaka 2011, na mfano wa Wajir ukawa umekwisha kufuatwa katika wilaya nyingine.

Ona kwamba neno "amani" na neno "maendeleo" viliwekwa katika jina moja. Wanawake wale walijua kuwa hayatengani. Ona tena kwamba soko lilikuwapo kabla ya mgeni yeyote. Mtu aliyekuja na magunia tu angaliweza kupita soko lile asilione, na kama angaligawa nafaka ya bure karibu na milango yake, bei zingalianguka, wauzaji wangalifunga vibanda, na uzi ule mmoja uliobaki kati ya koo ungalikatika kwa mkono wa mfadhili. Kutazama kwa macho ya wenyeji si adabu tu. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya Wajir na Goma peke yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wengine walikwenda kambini. Wengine walipokewa na jamaa zao, wakalala kumi katika chumba cha watu watatu. Msaada ulikwenda upesi kwa walioonekana, yaani walio ndani ya mahema. Mwaka 2008 serikali ilitoa shilingi 10,000 kwa jamaa waliorudi makwao, na kwa muda mrefu waliohifadhiwa na ndugu zao walilalamika kwamba hawakuhesabiwa. Hema lilikuwa ushahidi wa shida, na ukarimu wa ndugu ukawa kama kosa. Fikiri pia juu ya jirani aliyebaki shambani, maskini vile vile, anayetazama mabati yakishushwa ng'ambo ya ua. Kama hakuna aliyemweleza kwa nini, atajieleza mwenyewe, na maelezo yake yatafuata mkondo wa chuki iliyokuwapo. Hayo hayazuiwi kwa kumnyima aliyechomewa nyumba. Huzuiwa kwa kusema wazi ni nani anayepewa na kwa sababu gani, kwa kuwashirikisha watu wa pande zote katika kuchagua, na kwa kutafuta jambo moja, kama vile daraja, zahanati au bomba la maji, ambalo pande zote zitalitumia.

Ninyi mnaosoma insha hii hamtabaki shuleni siku zote. Mmoja atakuwa mhandisi wa maji, mwingine muuguzi, mwingine chifu, mwingine ataketi katika kamati ya basari akiwa na majina mia na fedha za watu ishirini. Siku hiyo hamtakuwa na kitabu mezani. Lakini mtaweza kukumbuka maswali machache: Ni nini kinachowatenga watu hawa, na ni nini kinachowaunga? Ni nani atakayeshika ufunguo? Asiyepewa ataambiwa nini, na nani atamwambia? Namna yangu ya kutoa inasema neno gani ambalo kinywa changu hakikusema? Na baada ya mwezi mmoja, nitarudi kumwuliza nani? Maswali haya hayana gharama, ila yanahitaji unyenyekevu, maana mtu mwenye kitu mkononi huona vigumu kumwuliza asiye nacho.

Basi jibu langu kwa swali tuliloanza nalo ni hili. Nia njema ni lazima, wala haitoshi. Ni kama mbegu: pasipo mbegu hapana shamba, lakini mkulima aimwagaye mbegu bila kutazama udongo hawezi kuilaumu mvua. Wahenga hawakukosea. Walitukataza kungoja shukrani. Hawakutukataza kungoja matokeo. Tutende wema, tusitazamie kusifiwa, lakini tusiende zetu mpaka tumeona wema wetu umemfikia nani, na umemfanyia nini jirani yake.